Rejeta mpya na dumu lisilo na lebo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kazi ambayo wenye magari wengi tumezoea kuiachia gereji hata pale tunapoweza kuifanya wenyewe uani, yaani kubadilisha rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini, na hasa kulanti, kile kimiminika cha kupoza injini tunachouziwa cha kuijaza baada ya kuifunga.

Corolla yangu ya mwaka 2002 ilianza kupoteza maji mwaka jana. Kila asubuhi nilikuta doa chini ya bampa, na jioni, kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, mshale wa joto ulipanda nikalazimika kuzima kiyoyozi na kufungua vioo. Ufa ulikuwa kwenye tangi la plastiki, pale linapobanwa na alumini. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na fundi mwenye moto na risasi aliweza kuzichomelea zikaendelea kwa miaka. Plastiki iliyochoshwa na joto haina dawa hiyo, na zile dawa za kuziba zinazomiminwa ndani huweza kuziba ufa pamoja na vijia vyembamba ambamo maji yanapita. Nikanunua rejeta nyingine.

Kazi yenyewe ilinichukua saa tatu na nusu za Jumamosi, huku jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa malori, akiwa ameketi kwenye stuli akinielekeza bila kushika spana hata moja. Hakuniruhusu kugusa kifuniko mpaka injini iwe imelala usiku kucha, na ana haki: maji yaliyo chini ya mgandamizo huvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa, mgandamizo unaondoka na maji yanageuka mvuke usoni pa mtu. (Namba iliyoandikwa juu ya kifuniko, 0.9 au 1.1, ndiyo kipimo cha mgandamizo huo, kwa hiyo kifuniko chochote kinachoenea si lazima kiwe chako.) Tulichomoa betri, kwa kuwa feni ya umeme inaweza kuzunguka yenyewe vidole vikiwa katikati. Mipira ya kupitishia maji iliyogandia tuliizungusha kwanza ndipo tukaivuta. Kilichonishangaza ni mabomba mawili membamba upande wa chini, ambayo katika magari mengi ya otomatiki hupitisha mafuta ya gia boksi ndani ya rejeta ili yapoe. Tuliyaziba upesi, tukapima mafuta yaliyomwagika, na baadaye tukarudisha kiasi kilekile.

Mzee akanitaka nifungue pia pale mpira wa chini unapoingilia kwenye injini, nikakuta nyumba ya themostati, vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ni tupu. Fundi fulani aliwahi kuitoa bila kuniambia, kwa ile imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kifaa hicho kidogo huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kikikosekana, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza petroli. Wenye yale magari madogo yasiyo na mshale, ambayo taa yake ya bluu haizimiki hata baada ya safari ya nusu saa, wakaangalie hapo kwanza.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kulanti. Duka lililoniuzia rejeta lilinipa dumu la lita 5 lenye kimiminika cha kijani, bila jina la mtengenezaji wala maelezo yoyote. Nilipouliza kama kinachanganywa na maji, muuzaji alinijibu, "Wewe mimina tu, si unaona rangi?" Rangi ni rangi tu, hata maji ya bomba yakitiwa rangi yatakuwa ya kijani. Kulanti nzito huchanganywa na maji yaliyosafishwa, kwa kawaida nusu kwa nusu, ilhali ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani ikiongezwa maji inapoteza nguvu. Mnunuzi atajuaje anayo ipi? Na asije mtu akasema kwetu hakuna barafu: kazi yake kubwa hapa ni kuzuia kutu na ukoko wa chumvi na kuchelewesha kuchemka, jambo ambalo maji ya visima vyetu vya Dar es Salaam, yenye chumvi ya kuonja ulimini, hayawezi kulifanya, bali yanaila alumini.

Liko jambo zito zaidi. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina utamu. Beseni nililokingia ile ya zamani nililiacha kidogo nikaenda kunawa mikono, na niliporudi paka wa mzee alikuwa ameinamisha kichwa juu yake. Tulimfukuza kabla hajalamba. Angekuwa mtoto wa miaka miwili, dumu lile lisingemwambia mama yake kitu chochote cha kwenda kumweleza daktari.

Kwa hiyo naomba wanaosimamia viwango wazuie uuzaji wa kulanti isiyo na lebo ya Kiswahili inayosema imo nini, inachanganywa au haichanganywi, na kwamba ni sumu. Gazeti lako nalo lingetusaidia likimtuma mwandishi azunguke maduka ya vipuri ya Ilala na Kariakoo akaulize swali nililouliza mimi.

Mwishowe nilinunua kulanti nyingine yenye maelezo, nikajaza taratibu injini ikiunguruma ili hewa itoke, na asubuhi yake nikaongeza kidogo. Dumu la kwanza bado ninalo, nimelifungia kabatini na kuliandika SUMU kwa kalamu nyekundu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam