Wito wa Harambee: Friji na Kabati la Dawa kwa Wazee Wetu

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Ndugu na majirani wa Tabora, mlio hapa mjini na mlio Dar es Salaam na kwingineko, tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi. Mablanketi mliyoleta bado yananukia upya. Ila hili halina subira.

Dawa za makao ya wazee wetu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda cha mlezi. Za presha, za sukari, za maumivu, zote humo, katika bahasha za karatasi ambazo maandishi yamefutika kwa jasho la mikono. Juzijuzi babu mmoja alimeza vidonge vya presha vya mwenzake, akaanguka akielekea chooni. Amepona, Mungu ni mwema. Panya nao wana mgao wao.

Kinachotunyima usingizi zaidi ni insulini, dawa ya sukari ya kuchoma sindano. Kichupa kisichofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na nani hajui Septemba na Oktoba za Tabora chini ya bati? Mlezi anavifunga vichupa kwenye mfuko na kuviweka ndani ya mtungi wa maji. Mtungi unasaidia kweli, ila hauwezi kufika huko. Jirani mwema akatupokelea kwenye friji yake, vikawekwa karibu na barafu, vikaganda. Insulini ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka. Fedha zenu hizo, na afya ya bibi zetu.

Tunaomba friji ndogo, sola ya kuiendesha umeme ukikatika, kipimajoto, na kabati la chuma lenye kufuli na droo yenye jina la kila mzee. Jumla ni shilingi 3,600,000, tunazo 410,000. Stakabadhi zote zitasomwa mbele yenu. Kamati haina posho.

Kadi ya harusi ikifika hatuulizi mapambo ni ya nini, tunatoa. Wazee hawa walitulipia ada kwa tumbaku na asali, wengine hawakubakiza hata mzinga.

Michango inapokelewa na mweka hazina kila jioni, au weka bahasha kanisani au msikitini, uandike "dawa za wazee". Mwenye friji ya zamani pia ailete, mradi inapoza. Ya kuhifadhia vyombo tunayo tayari.