Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na kuja kwako Kilwa kutusikiliza sisi ni heshima kubwa kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kila mwaka klabu huchagua mada moja ya kuichimba nje ya muhtasari wa somo. Mwaka huu tulichagua vita vya baharini kati ya manowari za Uingereza na Ufaransa katika karne ya 18. Baadhi ya wazazi walituuliza ugomvi wa Wazungu wawili unawahusu nini watoto wa Kilwa. Swali ni la haki na tutalijibu, ila tunaomba kwanza utuvumilie tueleze tulichokisoma. Tulianza kwa kutafuta mashujaa. Tukaishia kuhesabu ng'ombe, malimao na milingoti.

Manowari ya kawaida ya wakati ule ilikuwa ya mbao za mwaloni, ina mizinga 74 na watu zaidi ya 600. Zilipigana zikiwa zimefuatana katika mstari mmoja, kwa kuwa mizinga ilikaa ubavuni. Waingereza kwa kawaida walilenga mwili wa chombo ili waue watu na kunyamazisha mizinga. Wafaransa walipendelea kulenga matanga na milingoti, adui asiweze kuwafukuza. Chombo cha mbao hakizamishwi kirahisi kwa risasi za chuma, hivyo nyingi zilitekwa, zilipanda mwamba au ziliungua.

Na makamanda waliishi kwa hofu ya wakubwa wao pia. Mwaka 1756 Admirali John Byng wa Uingereza alipambana na Wafaransa karibu na kisiwa cha Minorca katika Bahari ya Mediterania, akaona hawezi kuiokoa ngome iliyozingirwa, akarudi. Machi 1757 alipigwa risasi na watu wa jeshi lake mwenyewe, juu ya sitaha ya manowari, kwa kosa la kutofanya kila alichoweza. Baada ya hapo ni admirali gani wa Kiingereza angethubutu kurudi nyuma?

Edward Hawke hakurudi. Tarehe 20 Novemba 1759 aliwafukuza Wafaransa hadi ndani ya ghuba ya Quiberon, pwani ya Ufaransa, dhoruba ikivuma, miamba kila upande na jua likielekea kutua. Manowari ya Kifaransa iliyoitwa Thésée ilifungua madirisha ya mizinga ya chini huku bahari imechafuka. Maji yakaingia, ikazama na karibu watu wake wote. Mpango wa Ufaransa wa kuivamia Uingereza uliishia hapo. Vitabu husifu ushujaa wa Hawke, nasi hatuukatai. Kilichotushangaza zaidi ni miezi iliyotangulia. Hawke alikuwa ameizingira bandari ya Brest tangu majira ya joto, na muda wote huo alipelekewa kutoka Uingereza ng'ombe hai, mboga na bia. Watu wake walifika siku ya vita wakiwa na afya.

Hilo halikuwa jambo dogo. Hesabu iliyochapishwa Uingereza baada ya Vita vya Miaka Saba, vya 1756 hadi 1763, ilionyesha kwamba mabaharia 1,512 waliuawa vitani, na 133,708 walikufa kwa maradhi au walitoroka. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, kilikuwa adui mkubwa kuliko Mfaransa. Na dawa yake ilikuwa imekwisha kuonekana: mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila wawili akawapa tiba yao, na waliopewa machungwa na malimao wakapona kwa siku chache. Jeshi la Majini la Uingereza liliamua kugawa maji ya limao kwa mabaharia wote mwaka 1795, yaani miaka 48 baadaye. Tunaomba, Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ya leo yasichukue muda huo.

Tuje sasa katika bahari yetu. Tumechagua kuyasimulia kwa kirefu mapambano ya Pierre André de Suffren wa Ufaransa na Edward Hughes wa Uingereza kwa sababu yalipiganwa katika Bahari ya Hindi, na kwa sababu tunayaona ni ya ajabu kuliko yote ya karne ile. Mwaka 1781 Wafaransa, wakiwasaidia Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru kutoka kwa Uingereza, walikuwa wameufunga mdomo wa ghuba ya Chesapeake huko Amerika, jeshi la Waingereza likasalimu amri Yorktown, na Marekani ikawa karibu kabisa na uhuru wake. Desemba mwaka huohuo kikosi cha Wafaransa kilitweka kutoka Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi, kikaelekea India. Mkuu wake alifariki njiani, na Suffren akashika uongozi.

Kati ya Februari 1782 na Juni 1783 wakubwa hawa wawili walipigana mara tano kwenye pwani ya mashariki ya India na ya Ceylon, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka: Sadras, Providien, Negapatam, Trincomalee na Cuddalore. Watu wengi walikufa na vyombo vikavunjwavunjwa, lakini hakuna upande ulioteka au kuzamisha manowari kubwa ya mwenzake hata moja katika mapigano yote matano. Hughes alikuwa na bandari za Waingereza huko India: Madras karibu, na Bombay yenye gudi la kutengenezea vyombo. Suffren hakuwa na bandari yoyote ya kuaminika upande ule. Mlingoti ukivunjika, aling'oa wa chombo kidogo akausimika kwenye kikubwa. Baadhi ya manahodha wake hawakumtii au hawakumwelewa, naye akawarudisha Île de France kwa hasira.

Mwishoni mwa Agosti 1782 aliiteka Trincomalee, bandari nzuri kuliko zote za Ceylon, na Hughes akafika siku chache tu baadaye, amechelewa. Walipopambana tarehe 3 Septemba, manowari ya Suffren mwenyewe, Héros, ilivunjwa mlingoti mkuu. Kaskazi ilipokaribia na pwani ile ikawa haina usalama, Hughes alikwenda kujificha Bombay na Suffren akaenda Sumatra. Wazee wetu wa majahazi hawahitaji kuelezwa kwa nini. Upepo ndio uliokuwa ukitoa ratiba ya vita.

Pambano la mwisho, la Cuddalore, lilikuwa tarehe 20 Juni 1783. Hughes alikuwa na manowari 18 dhidi ya 15 za Suffren. Lakini mabaharia wake walikuwa wamelala na kiseyeye, maji ya kunywa yamepungua, akalazimika kurudi Madras. Siku chache baadaye habari zikafika kwamba mapatano ya awali ya amani yalikuwa yametiwa saini Ulaya tarehe 20 Januari. Waliokufa Cuddalore walikufa miezi mitano baada ya wakubwa kukubaliana.

Sasa jibu la wazazi. Île de France, ambako kikosi cha Suffren kilitokea, iliendeshwa kwa kazi ya watumwa. Ndio waliolima mashamba, waliobeba mizigo na waliojenga. Walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20, yaani sarafu za fedha, kwa kila mtu, pamoja na piasta mbili za Sultani. Mkataba huo ulifanyika Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji tunayoyaona kutoka hapa. Manowari zinazosifiwa vitabuni zilitegemea bandari, na bandari ile ilisimama mgongoni mwa watu wa bara letu ambao majina ya wengi wao hatuyajui. Klabu haikubaliani na vitabu vinavyolisimulia jambo hili kwa sentensi moja ya pembeni.

Tena, usiku wa tarehe 1 Agosti 1798 Admirali Horatio Nelson wa Uingereza alikiangamiza kikosi cha Wafaransa kilichotia nanga Abukir, Misri. Kati ya manowari zao kubwa 13, mbili tu ziliponyoka. Oktoba mwaka huohuo Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni yao ya biashara, waliweka mkataba na Sultani wa Muscat, yaani Omani, ili asiwape Wafaransa nafasi katika nchi yake. Mapema mwaka 1799 manowari za Admirali Blankett wa Uingereza, zikielekea Bahari ya Shamu kwa sababu ya Wafaransa waliokuwa Misri, zilitia nanga Unguja. Urafiki huo wa Muscat na Waingereza ndio uliokuja kuamua mengi Zanzibar na mrima wote katika karne iliyofuata.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu ina wanachama wenye ari, lakini inakabiliwa na changamoto. Ramani tunayotumia ni ya Afrika peke yake, na bahari inaishia pembeni kabla ya kufika Morisi. Vitabu vya historia ya Bahari ya Hindi katika maktaba ni vichache na tunasoma kwa zamu. Hatuna projekta, hivyo picha za manowari tulizichora wenyewe kwa chaki.

Tunaomba utusaidie kupata ramani kubwa ya ukutani ya Bahari ya Hindi, vitabu, na nauli ya mashua ili wanachama wote wavuke kwenda Kisiwani na mwalimu, badala ya wachache wenye uwezo. Projekta tunaiweka mwisho. Ikipatikana tutashukuru, isipopatikana chaki bado ipo.

Baada ya risala hii, wanachama wawili watakuonyesha mchoro wa mapambano ya Trincomalee ulio kwenye ubao wa darasa la pili kutoka hapa. Karibu uwaulize maswali magumu, wamejiandaa.

Tunaomba kuwasilisha.