Mhariri, kamera hizo zinauzwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu filamu za upelelezi na ujasusi, ambazo mchambuzi wenu huzimwagia sifa karibu kila mwisho wa wiki.

Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini na kutazama picha za kamera hadi alfajiri, kwa hiyo kuna jambo moja katika filamu hizi linanikaba koo. Mpelelezi anaingia chumba cha kompyuta, anaonyeshwa gari lililopita gizani, anasema, "Hebu kuza hapo." Kijana mwenye miwani anabofya, picha inakuja na ukungu, anabofya tena, namba ya gari hiyo hapo inasomeka. Wengine hata namba haiwatoshi. Wanakuza mpaka sura ya muuaji inaonekana ndani ya kioo cha pembeni.

Picha za namna hiyo nimezikuza sana. Unachopata ni vijiraba vya kijivu. Taa za gari zikiielekea kamera, kibao cha namba kinageuka cheupe pe. Na buibui akishatanda utando wake mbele ya lenzi, ndiyo basi, usiku kucha unamtazama yeye.

Nitaambiwa filamu ni burudani. Sawa. Steringi aruke kutoka ghorofani, apigwe risasi ya bega, ainuke ajipanguse vumbi. Sina ugomvi, tumekua tukijua steringi hafi. Lakini filamu ya upelelezi naitazama nimwone mtu akisumbua akili. Kompyuta ikishamtaja mwizi, mpelelezi kabakiwa na kazi gani? Kukimbiza. Ndiyo maana nusu ya pili ni magari kugongana tu.

Tafuteni filamu ya Fritz Lang iitwayo M, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1931. Polisi wanamsaka muuaji wa watoto, wanavamia vilabu vya pombe, wanapima alama za vidole, hawaambulii kitu. Misako hiyo inawaharibia majambazi biashara zao, nao wanaamua kumtafuta wenyewe, wakiwatumia ombaomba wa mjini kama wapelelezi. Na anayemtambua muuaji, katika mji mzima wenye macho, ni kipofu muuza maputo! Siku mtoto mmoja alipopotea, alisikia mtu akipiga mluzi wa wimbo fulani. Sasa anausikia tena, anashtuka, anamwita kijana amfuate mtu yule. Kijana anajichora herufi M kwa chaki kiganjani, anajifanya ameteleza, anamgonga yule bwana begani. Muuaji anaendelea na safari yake na alama mgongoni, hana habari. Mimi hapo husahau hata kupumua, na hakuna aliyebofya chochote.

Kwa majasusi, nitataja Tinker Tailor Soldier Spy ya mwaka 2011. Kuna kijana anatumwa kuiba jalada moja katika masijala ya idara yake mwenyewe. Hana bastola mkononi, hakuna mlipuko. Anatembea katikati ya rafu akijua kwamba wakubwa wake wamo humo humo jengoni. Jasho lilinitoka mimi niliyekaa kwenye kiti.

Sisemi mashine zipigwe marufuku. Katika The Conversation ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1974, mtu mzima kazi yake ni kunasa sauti za watu, na mitambo yake ni ya kutajika. Anausafisha utepe mpaka sentensi moja inasikika wazi. Kaisikia vizuri kabisa, kaielewa kombo. Tatizo hilo nalijua: mtu anasimama getini saa nane za usiku, namwona kuanzia kofia hadi viatu, ila alichokusudia hakimo kwenye skrini.

Ombi langu kwa mchambuzi wenu ni dogo. Anapogawa nyota zake, aongeze mstari mmoja wa kutuambia mhalifu alipatikanaje. Kama alipatikana kwa kukuza picha, aandike hivyo hivyo bila kuficha, nami tiketi sinunui.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku