Kabla hujavuka kwenda Kigamboni

Tabata, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Mpendwa Mwanaidi,

Habari za Ilala? Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza.

Ujumbe wako nimeupata. Hongera kwa mwaliko wa kwenda kupumzika wikiendi kwenye nyumba ya ufukweni Kigamboni. Umeuliza ubebe zawadi gani. Shoga yangu, zawadi ni jambo dogo. Nimemwangalizia kaka nyumba yake ya Mjimwema, hukohuko Kigamboni, miaka mingi na wageni wa kila aina nimewaona. Anayealikwa tena ni yule anayekumbuka kwamba mwenye nyumba naye kaja kupumzika.

Kwanza idadi. Kama mmealikwa wewe na mumeo, nendeni wewe na mumeo. Najua wifi yako akisikia habari za ufukweni atataka kuja na wanawe. Mwenyeji hatakwambia hapana, atatabasamu tu, halafu usiku ndiyo aanze kutafuta magodoro.

Chakula usimwachie yeye. Mwambie mapema kwamba mlo wa Jumamosi mchana ni wako, asije akanunua vitu mara mbili. Alfajiri pitia Feri, soko la samaki, chukua changu au pweza, na samaki uwape vijana wa palepale wakupalie na kuwatoa matumbo. Ukimpelekea mtu samaki mzima na magamba yake, umempelekea kazi na harufu ya siku mbili. Mkitoka hapo, pantoni ya kuvukia kwenda Kigamboni ni hatua chache. Foleni ya magari ikiwa ndefu, zungukeni Kurasini mpite Daraja la Nyerere, mlipie tozo, yaishe.

Umeme ndiyo penyewe. Nyumba za pwani zina viyoyozi, na mgeni wa mjini akifika anawasha na kufungua madirisha apate upepo wa bahari! LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakata saa nane usiku, mwenye nyumba anaamka kutafuta simu. Wewe omba namba ya mita kabla, nunua umeme kimyakimya, umtumie zile tarakimu 20. Hilo litamfurahisha kuliko keki.

Maji nayo yaulizie. Huko wengi wanatumia kisima, na kisima cha karibu na bahari huwa na chumvi, kwa hiyo ya kunywa beba yako. Mkitoka kuogelea, mchanga uishie kwenye bomba la nje. Usikalie kochi na nguo mbichi za chumvi. Na pedi au nepi za mtoto zisiingie chooni hata moja, maana chemba ikiziba Jumapili fundi hapatikani.

Halafu kuna mlinzi. Huyo mzee ndiye anayeijua nyumba. Mpe shikamoo yake, umuulize maji yanajaa saa ngapi, maana wakati wa bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa sana, yakipwa utatembea mpaka uchoke kabla hujalowa magoti. Ila usimtume dukani bila kumuuliza mwenyeji. Wageni wengine humgeuza mlinzi kijana wao wa kazi, geti likabaki wazi. Siku ya kuondoka mpe chochote mkononi, wewe mwenyewe, usisubiri mwenyeji akukumbushe.

Picha piga, lakini za nyumba usirushe mtandaoni kabla hujaomba ruhusa. Watu hawapendi dunia ijue mali zao zilipo.

Akikwambia jisikie uko kwako, sikia, ila friji usifungue kama la kwako.

Jumapili ulizia mashuka: wengine wanataka yavuliwe, wengine wana dada wa kazi mwenye utaratibu wake. Takataka zenu rudini nazo, huko gari la taka halipiti kila siku. Na ondokeni baada ya chakula cha mchana. Mwenyeji anahitaji jioni yake, nanyi mtakwepa foleni ya kurudi mjini.

Deli langu la barafu lipo, mwambie shemeji alipitie Alhamisi jioni. Mfuniko wake umelegea kidogo, mfunge kamba.

Wako,
Zuhura