Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Dereva wa basi la shule asiachiwe kuamua peke yake mbele ya maji

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa Boko, watoto wangu wanakwenda shule kwa basi, na nimekuja kwako na ombi moja. Mvua kubwa inapotarajiwa, uamuzi wa basi la shule kutoka au kutotoka ufanyike jana yake jioni, ufanywe na mtu anayejulikana, na kila mzazi apate taarifa kabla ya kulala. Kwa tunavyoishi sisi wazazi, uamuzi huo unamwangukia dereva saa kumi na mbili asubuhi, akiwa ameshafika kwenye maji na watoto wamo ndani ya gari.

Mfikirie dereva huyo. Nyuma yake watoto wamesinzia kwenye viti, mabegi mapajani. Mbele barabara imefunikwa na maji ya rangi ya udongo, na hana namna ya kujua kama kalavati bado lipo au limeshang'oka. Akigeuza gari, simu zinaanza: mzazi aliyelipia usafiri wa muhula mzima, mwalimu anayeuliza watoto wa mtihani wako wapi, mwenye gari anayetaka maelezo. Akipita salama, hakuna atakayemuuliza neno. Kila kitu kinamsukuma apite. Na maji si lazima yawe mengi. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 60 hivi yanatosha kulisukuma gari nje ya barabara, nayo ni maji ambayo mtu mzima akiyatazama anaona yanavuka magoti kidogo tu.

Mheshimiwa, haya si ya kudhania. Aprili 12, 2024, asubuhi, basi la shule lilisombwa na maji ya mvua likatumbukia korongoni jijini Arusha, na watoto waliokuwa wakienda darasani wakafa. Kwa jirani zetu Kenya, Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu, Mwingi, dereva akijaribu kuvuka daraja lililokuwa limefunikwa na maji. Waliokufa walizidi 30. Watu walikuwa wamesimama kando ya mto wakilitazama linavyoingia. Mwezi uleule wa msiba wa Arusha, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini.

Hapa Dar es Salaam tuna ugumu wetu mwingine. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, kwa hiyo Jangwani, bondeni mwa mto huo, panaweza kujaa wakati mjini mvua imeshakatika. Dereva anayeangalia mawingu ya Magomeni hajui kilichonyesha Pugu usiku. Huku kwetu Boko-Basihaya maji hayaji kwa kishindo, yanajikusanya tu, na barabara iliyopitika asubuhi haipitiki mchana.

Ndiyo maana nasema taarifa itumike. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano mbele, kwa mikoa, na kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Sisi wazazi tunaipata kwenye simu zetu, tunarushiana kwenye magrupu, tunaandikiana “Mungu atulinde”, halafu asubuhi tunawavalisha watoto sare kama kawaida, kwa sababu rangi hiyo haimwambii mtu yeyote kuhusu basi. Fomu ya usafiri niliyosaini inataja nauli, kituo na muda wa kuchukuliwa mtoto. Mvua haimo.

Hong Kong nao wana rangi zao za mvua, na kwao rangi inabeba amri. Ikitangazwa nyekundu au nyeusi kabla ya masomo kuanza, masomo yanasitishwa. Ikitangazwa watoto wakiwa tayari darasani, shule inakaa nao mpaka njia iwe salama. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sisi tunajadili sana asubuhi na kuusahau mchana.

Masika iliyopita ujumbe ulitufikia mchana, watoto wakiwa wameshapanda basi: gari haliwezi kuingia mtaani, wazazi wapokee watoto barabara kuu. Mzazi aliye kazini Kariakoo anafikaje Boko kwa dakika chache, mvua inanyesha na foleni imekaza? Nilimkuta mtoto wa darasa la pili, si wangu, amejibanza kwenye kibaraza cha duka, viatu mkononi, soksi ndani ya viatu. Mwenye duka alikuwa amempa simu ampigie mama yake, na namba aliikumbuka nusu. Matroni, yaani msimamizi wa watoto ndani ya basi, alikuwa ameshaondoka na basi kuwapeleka wengine. Bodaboda mmoja alikuwa anamwambia apande, atamvusha. Mtoto yule angekuwa salama zaidi kama angebaki shuleni hadi usiku.

Najua kusitisha basi kuna gharama. Kuna mama anayefungua meza yake sokoni alfajiri na hana wa kumwachia mtoto. Lakini mama huyo akiambiwa saa mbili usiku, ataongea na jirani au na dada yake. Akiambiwa saa kumi na moja alfajiri, hana pa kukimbilia. Na wapo watoto wengi zaidi wa shule za serikali, wanaokwenda kwa daladala na kwa miguu, wakivuka mifereji ileile. Tangazo liwafikie nao, na wasihesabiwe watoro siku hiyo.

Kwa hiyo naomba mkoa, pamoja na maafisa elimu na LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), utoe waraka unaosomeka. Siku ya nyekundu, mabasi ya shule yasitoke mkoa mzima. Siku ya chungwa, mkuu wa shule aamue njia kwa njia, maana ya Masaki si ya Basihaya, na atangaze kabla ya saa mbili usiku. Mvua ikiwakuta watoto shuleni, wabaki hapo na walimu, wapewe chakula, na asishushwe mtoto popote isipokuwa mikononi mwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu yake. Na dereva atakayegeuza gari mbele ya maji asikatwe hata shilingi. Hilo liandikwe waziwazi, kwa jina la kazi yake.

Polisi wa usalama barabarani hukagua breki na matairi ya mabasi haya shule zinapofunguliwa, na tunawashukuru. Katika ukaguzi ujao kabla ya vuli, waulize pia swali hili kwa kila shule: nani anaamua, na anaamua saa ngapi?

Wako mtiifu,
Mzazi, Boko