Mwanangu, Ukienda Kuhesabu Theluthi

Mwanangu,

Ofisi ya ajira ya kaunti unayoingia Jumatatu ina swali lake la kila siku: "Hapa mnaajiri kwa uwezo au kwa kabila?" Usilijibu lilivyo. Kifungu cha 232 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ushindani wa haki na ustahilifu, na hapo hapo kinataka jamii mbalimbali ziwakilishwe, na wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa. Yote yanakubana kwa pamoja.

Hesabu zenyewe si ngumu, ila hukosewa. Kifungu cha 27 cha Katiba hiyo kinakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili. Bodi ya watu 7: theluthi mbili ni 4 na kitu, basi wa jinsia moja wasizidi 4. Kuna wanaokadiria kwenda juu wakaweka 5, na hapo kifungu kimeshavunjwa. Taasisi ya umma yenye wafanyakazi 60, kabila moja lisizidi theluthi, yaani 20. Hiyo ni Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Nafasi zilizo wazi, si wafanyakazi wote. Zikitangazwa 10, ni 3.

Lakini uharibifu huanza mapema, kwenye tangazo. Likibandikwa ubaoni makao makuu tu, wa mbali hawaombi, halafu mnasema hawakujitokeza. Karani wa masjala anadaiwa leseni ya udereva ya nini? Asiyeona ameshachujwa. Mahojiano yakifanyiwa ghorofa ya tatu bila lifti, mwenye kiti cha magurudumu naye kaachwa chini.

Sharti la uwiano liandikwe ndani ya tangazo. Toeni alama kwanza, jumlisheni, tieni sahihi nyote, ndipo msawazishe miongoni mwa waliofikia alama ya kupita. Mkisawazisha kwa kufuta alama, aliyeajiriwa ataitwa "wa kuletwa" hadi astaafu, na aliyekosa atakwenda kortini akiwa na haki yake.

Wanaolalamika usiwabeze. Kijana maskini wa jamii kubwa hufungiwa mlango, huku nafasi ya jamii ndogo ikichukuliwa na mtoto wa mkubwa. Sheria haiulizi mfuko wa baba.

Na kabila usilisome kwenye jina. Mwanamke aliyeolewa kwingine hubeba jina la mume, nawe utamhesabu kusiko. Weka nafasi kwenye fomu, ajaze mwenyewe.

Mamako