Sadaka ya mama, kabla hamjachimba kisima

Muheza, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Vuli imekuja kwa kusuasua ila mihogo imeshika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kelele za watoto wa dada yako nyuma. Mashallah, Muscat imewanenepesha hata sauti.

Umesema mmechanga ninyi watatu, mnataka kumtolea marehemu mama sadaka ya kudumu, na mmefikiria kisima. Kisima si kibaya. Ila mtaa wetu wa zamani umeshachimbiwa visima vya sadaka, pampu zimekufa, na majina ya waliotoa bado yanasomeka vizuri kabisa ukutani. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimekula mshahara wa bibi shamba mpaka nikastaafu, basi nakujibu kibibi shamba: pelekeni pesa kwenye utafiti. Wa udongo, na wa dawa za miti.

Najua unacheka. Nani anawatolea sadaka watu wa maabara? Lakini mama yako alikuwa mtu wa jembe na kapu la majani. Nusu ya watoto wa mtaa ule tulifukizwa kwa mvumbasi wake tukipata homa. Na katika yale matatu aliyoyataja Mtume, ambayo thawabu zake hazikatiki mtu akifa, elimu yenye manufaa imetajwa. (Zaka usiiguse kwa hili, ina wenyewe wanane. Hii iwe sadaka, au wakfu mkiweza.)

Nikupe kisa. Unakijua kiduha, lile gugu la mashamba ya mahindi? Cha kwetu kina ua jekundu, cha Kanda ya Ziwa ni zambarau, kizuri cha kutia kwenye chupa. Ukiking'oa taratibu na udongo wake ndiyo unaona ukorofi: mizizi yake imejipachika kwenye mizizi ya mhindi, inanyonya. Mhindi unadumaa, majani yanakuwa ya manjano kana kwamba una kiu wakati mvua imenyesha jana. Mche mmoja unamwaga mbegu maelfu kwa maelfu, laini kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini hata miaka 20 zikingoja mahindi.

Sasa huko Mbita, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, miaka ya 1990, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walikuwa wanahangaika na jambo jingine kabisa: bungua, yule mdudu anayetoboa shina la mhindi. Walikuwa na wenzao wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, na pesa za mfuko wa hisani wa familia, Gatsby. Wakapanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari, harufu yake ikawafukuza nondo wanaotaga mayai ya bungua. Kuzunguka shamba wakapanda mabingobingo, ambayo nondo huyapenda. Huko wanataga, na viwavi wakitoboa shina wananaswa na utomvu. Mbinu hiyo inaitwa vuta-sukuma. Halafu wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kimepungua. Kuchunguza, kumbe mizizi yake inatoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha, na nyingine zinazoizuia kujishikiza kwenye mhindi. Inachipua, inakosa pa kunyonya, inakufa. Na desmodiamu ni jamii ya kunde, inarutubisha udongo, na ng'ombe anaila.

Fikiria mfadhili angekuwa wale ninaowajua mimi. "Pesa ni za bungua, mbona mnafukua mizizi ya magugu?" Habari ingeishia hapo.

Rothamsted yenyewe ni kisa. John Lawes alianza majaribio kwenye shamba lake mwaka 1843, na mwaka 1889 akaweka pauni 100,000 za mfuko wa kuyaendesha. Sisi tungesema kaweka wakfu. Shamba la ngano aliloanza nalo bado linapandwa na kupimwa hadi leo. Utajiri wake, ukitaka kucheka zaidi, ulitoka kwenye kuuza mbolea ya kiwandani.

Udongo hausemi kwa miaka mitatu, shoga, na miradi mingi ndiyo umri wake. Nimefanya kazi kwenye mmoja, jina nalihifadhi. Tulipima vipande, tukaweka samadi na mboji, mwaka wa tatu mavuno ndiyo yanaanza kusogea, pesa zikakatika. Msimu uliofuata mbuzi walikuwa wanalala kwenye kipande namba nne. Kinachoua majaribio si mashine kubwa. Ni mshahara wa kijana anayesoma kipimo cha mvua kila asubuhi, ni mafuta ya pikipiki, ni mifuko ya sampuli. Ndiyo maana nawapenda watafiti wa Chuka na Thika, huko Kenya, ambao tangu 2007 wanalinganisha kilimo hai na kile cha mbolea na dawa za viwandani kwenye vipande vilevile. Mmoja wa wachangiaji ni Biovision, shirika la hisani la Uswisi alilolianzisha Hans Herren, yule aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995 kwa kumdhibiti kidung'ata wa mihogo kwa nyigu mdogo kutoka Amerika Kusini. Karibu na kwetu kuna SAT, shirika la kilimo hai pale Morogoro, ambako wanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanatafiti maswali yanayotoka kwa wakulima wenyewe. Hao nawaona wa kwanza.

Kwenye dawa ndipo mfungue macho. Unakumbuka mwaka 2011, Babu wa Loliondo na dawa yake ya kutibu kila kitu, kikombe shilingi 500, foleni ya magari mpaka porini? Kuna watu waliacha dawa zao za hospitali. Anayetangaza chupa moja inayotibu kisukari, presha na ugumba msimpe hata baisa. Linganisha na hapa kwetu Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla dawa za ARV hazijafika: madaktari wa hospitali ya Bombo walikaa na waganga, wakaandika majani gani yanasaidia vidonda vya mdomoni, ngozi, kuharisha. Hawakudai kuponya UKIMWI. Walitibu magonjwa nyemelezi na kufuatilia wagonjwa. Na Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili, kazi iliyoanza mwaka 1974, wanachambua miti yetu. Waulizeni maswali mawili: ni dawa gani mmeijaribu ikashindwa, na mganga aliyewaonyesha mti anapata nini? Anayebabaika kwenye la kwanza, mwageni chai na mwondoke.

Kiasi mlichonacho msikitoe kwa mkupuo. Kigaweni kila mwezi kwa miaka mitano au zaidi, na mwandike kwamba hakina masharti ila hesabu ionekane. Jina la mama likiwekwa kwenye kibao cha shamba, sawa, ila kiwe kidogo.

Ongea na dada zako, hasa yule mkubwa, maana najua ndiye anayetaka kisima. Mkikubaliana niambie, nipande basi Morogoro nikawaone ana kwa ana kabla hamjatuma chochote. Nauli nitajilipia. Wewe nitumie udi tu, ule wa mara ya mwisho umeisha.

Nduguyo wa Muheza